Kufanya Kazi Nzito kwa Wepesi: Mwongozo kwa Wanaoanza Kazi za Gatini na Karakanani

Anayesimama gatini Lamu asubuhi, majahazi yanapopakuliwa, ataona jambo linalomshangaza kila mgeni: wanaobeba mizigo mingi hadi adhuhuri si lazima wawe wale wenye vifua vipana. Kijana mwenye misuli huunyakua mfuko wa saruji kwa kishindo na kujitwisha kwa mkupuo mmoja, na baada ya safari chache huanza kuhema na kutafuta kivuli. Mzee mwembamba aliyeanza naye bado anakwenda kwa hatua zilezile alizoanzia, wala hakuna aliyemsikia akiguna. Watu husema kwamba mzee amezoea. Maneno hayo ni ya kweli, lakini hayamfai anayetaka kujifunza, kwa sababu hayamwambii ni kitu gani hasa ambacho mzee amekizoea.

Mwongozo huu umekusudiwa kukieleza kitu hicho. Mji wa Kale wa Lamu, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, una vichochoro visivyopitisha gari, na hivyo mchanga, matofali, maji na mbao husafirishwa kwa punda, kwa rikwama na kwa migongo ya watu. Elimu ya kutumia mwili kwa wepesi imejaa kila pembe ya mji, ila hupokewa kwa macho zaidi kuliko kwa maneno, na kijana asiye na wa kumtazama kwa karibu hubaki akiamini kwamba dawa ya mzigo mzito ni kujikaza zaidi.

Ni vyema kufahamu kwanza kwa nini kujikaza huchosha. Misuli ya mwili imepangwa kwa jozi: ule wa mbele ya mkono hukunja kiwiko, na ule wa nyuma hukinyoosha, na mmoja unapovuta mwenzake hupaswa kulegea. Mtu aliyeingia katika kazi asiyoijua huivuta yote miwili kwa pamoja, kwa hofu au kwa pupa, na hivyo sehemu ya nguvu zake huishia katika kupambana na mkono wake mwenyewe. Kadiri anavyojifunza, mvutano huo hupungua, na ndiyo maana kazi ileile huonekana nyepesi baada ya miezi michache ijapokuwa mwili haujanenepa. Aidha, msuli uliokazwa mfululizo huibana mishipa midogo ya damu iliyo ndani yake, damu ikapita kwa shida, na uchovu ukaingia mapema. Mkono unaong'ang'ania kamba huchoka upesi, ilhali mkono unaoshika na kuachia kwa zamu huweza kufanya kazi hadi jua likatua.

Itazame kazi kabla ya kuigusa

Mwenye nguvu nyingi ana tabia ya kuanza kazi mapema mno, na hapo ndipo anapopata hasara yake kubwa. Mashua iliyopwelewa mchangani itahitaji kundi la wanaume na kelele nyingi maji yakiwa yamepwa, lakini maji yakijaa mtu mmoja mwenye kamba ataiondoa bila kutoka jasho. Maji hujaa na kupwa mara mbili katika usiku na mchana, yakichukua saa sita na dakika kadhaa kutoka kujaa hadi kupwa, na wakati wake husogea kwa takriban dakika 50 kila siku. Katika siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupanda juu kuliko wakati wa maji mafu. Anayetaka kukalafati chombo, yaani kuziba mianya ya mbao zake, hukipandisha kwa maji ya bamvua, akakiegemeza kwa magadi, ile miti ya kukizuia kisilale, akafanya kazi yake maji yakiwa mbali, kisha akayangoja yarudi ili kielee tena. Kwa miaka mingi manahodha waliopita Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, walipiga hesabu hiyohiyo, kwani maji yalipopwa pale chombo kikubwa hakikupita hata mabaharia wote waliposhuka kukisukuma.

Kwa seremala swali la kwanza ni makali. Patasi butu humlazimisha fundi kupiga kwa nguvu, na pigo la nguvu ndilo linalopasua ua la nakshi ambalo limemchukua asubuhi nzima kulichonga. Muda unaotumika kwenye kinoo haupaswi kuhesabiwa kuwa muda uliopotea. Fundi anayenoa mara kwa mara, kabla ubutu haujaonekana kwa macho, humaliza ubao mapema kuliko anayesubiri hadi patasi ianze kuteleza.

Penye kamba, tafuta kitu cha kuisaidia. Kapi lililofungwa juu ya mlingoti hubadilisha upande wa kuvuta tu, likakuwezesha kutumia uzito wa mwili wako kuvuta kuelekea chini. Kapi la pili, likifungwa kwenye mzigo wenyewe ili lipande nao, hupunguza nguvu inayohitajika hadi karibu nusu, na malipo yake ni kuvuta kamba yenye urefu mara mbili. Msuguano nao ni msaidizi ambaye wengi humsahau. Ukiizungusha kamba mara moja kamili kwenye nguzo ya mti, na kiwango cha msuguano kati ya kamba na mti kikiwa 0.3, unaweza kuzuia mvuto unaozidi ule wa mkono wako mara sita na zaidi. Ukiizungusha mara mbili, unazuia mvuto unaozidi mara 40. Baharia anayezuia mashua isichukuliwe na mkondo kwa vidole viwili, huku akizungumza na mwenzake, ametanguliza mizunguko hiyo kabla mkondo haujaanza kuvuta. Lakini tahadhari: mizunguko hutangulizwa kamba ikiwa bado imelegea, na vidole havikaribii nguzo kamba ikiwa imekazika.

Kuitafuta nguvu inayopotea

Kuna sehemu tatu ambazo hukaza bila kuombwa: taya, mabega na viganja. Daktari Edmund Jacobson wa Chicago, aliyechapisha utafiti wake juu ya kulegeza misuli mwaka 1929, aliwafundisha watu kuukaza msuli mmoja kwa makusudi kisha kuuachia, ili waijue tofauti kati ya hali hizo mbili. Alikuwa ameona kwamba mtu aliyezoea kukaza huwa hajui tena kwamba amekaza. Zoezi hilo hufanyika hata ukiwa umekaa barazani. Funga ngumi kwa sekunde tano au sita, uhisi mahali mkazo unapopanda mpaka kwenye kiwiko, kisha iachie ghafla na uhisi mkono unavyozidi kuwa mzito. Yapandishe mabega hadi karibu na masikio, uyaachie yaanguke yenyewe bila kuyashusha. Uma meno, kisha uiache taya ining'inie kidogo midomo ikiwa imefungwa.

Baada ya siku kadhaa za kufanya hivyo utaanza kujikamata katikati ya kazi, ukiwa umeuma meno kwa ajili ya jerikeni ya maji, na meno hayanyanyui maji. Kujikamata huko ndiko mafunzo yenyewe. Usijilaumu wala usijaribu kulegea kwa nguvu. Ilegeze sehemu moja tu, uendelee na kazi, na baada ya muda uiangalie tena.

Kuhusu pumzi, maneno machache yanatosha. Toa pumzi wakati mzigo unapoinuka na uvute unaporudi. Kuizuia pumzi huku unasukuma hupandisha shinikizo la damu ghafla, jambo ambalo ni hatari kwa mwenye maradhi ya shinikizo la damu, na mwenye mshipa wa ngiri ana sababu ya ziada ya kuliepuka.

Kuinua

Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, ilirekebisha kanuni yake ya kuinua mizigo mwaka 1991. Kanuni hiyo huanzia kwenye kilo 23, uzito wa juu unaopendekezwa pale ambapo kila jambo limekaa sawa: mzigo umegusana na mwili, uko karibu na usawa wa kiuno, una pa kushikia, na mwinuaji hajipindi. Kisha uzito huo hupunguzwa kwa kila kasoro. Mzigo ukiwa sentimita 50 mbele ya vifundo vya miguu badala ya 25, kilo 23 hushuka hadi 11 na nusu, kwa kasoro hiyo peke yake. Mfuko wa saruji unaouzwa kwetu ni kilo 50. Sizitaji tarakimu hizi kwa kutarajia kwamba kazi za gatini zitasimama, bali kwa sababu zinaonyesha mahali akiba ilipo: umbali kati ya mzigo na mwili unaweza kuutafuna uwezo wako nusu nzima, na hakuna zoezi la kujenga misuli litakaloirudisha nusu hiyo kwa urahisi kama hatua moja ya kuusogelea mzigo.

Kwa hiyo nenda karibu, hadi mzigo uwe kati ya miguu yako au ugusane na mapaja. Panua miguu kidogo, mmoja ukitangulia. Shuka kwa nyonga na magoti, mgongo ukiwa umenyooka kama kawaida yake bila kuukakamaza. Shika, kisha ungoje kidogo. Kungoja huko ndiko wanakokuruka wengi: vuta polepole mpaka uhisi uzito umeingia mikononi na mikono imenyooka, na ndipo uisukume ardhi kwa miguu. Anayenyakua huanza na mkono uliokunjwa, mzigo ukamvuta ghafla, na kiwiko na mgongo vikapokea mshtuko ambao haukuwa na lazima. Ukishasimama, ukitaka kugeuka, geuza nyayo. Kiuno kisizunguke peke yake.

Mzigo wa kwenda juu ya bega usipandishwe kutoka chini kwa mkupuo mmoja. Uweke kwanza juu ya kitu cha urefu wa kiuno, kama ukuta mfupi au kitanda cha rikwama, kisha uingize bega chini yake na unyooke. Ukiwa na mwenzako, mmoja ahesabu kwa sauti. Mabaharia wanaotweka tanga hawapigi kelele kwa ajili ya kujitia moyo tu. Foromali ya jahazi, ule mti unaobeba tanga, hupanda kwa sababu wote wanauegemeza mwili nyuma kwa pamoja, mikono ikiwa imenyooka kwenye jarari, kamba ya kuupandishia, na katika nafasi kati ya wito na wito, aliye wa mwisho huikaza kamba ili kilichopatikana kisirudi. Mtu anayevuta nje ya wito, hata awe na nguvu za kuogofya, huwachosha wenzake na hachangii kitu.

Kubeba

Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti ambao Geoffrey Maloiy na wenzake waliufanya hapa Kenya, wakiwapima wanawake wa Kiluo waliobeba mizigo kichwani na wa Kikikuyu waliobeba kwa ukanda wa kwenye paji la uso. Iligunduliwa kwamba waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu za ziada zinazopimika. Kwa mwanamke wa kilo 60, huo ni mzigo wa kilo 12. Utafiti wa mwaka 1995 ulitafuta sababu ukaiona katika mwendo: mwili wa anayetembea hupanda na kushuka kidogo kwa kila hatua, na wanawake hao walikuwa wakiipokea nguvu ya mshuko na kuitumia katika hatua inayofuata kwa ustadi zaidi walipokuwa na mzigo kuliko walipokuwa mikono mitupu. Baadaye, mwaka 2010, watafiti walioshughulika na wanawake wa Kixhosa wa Afrika Kusini hawakuiona nafuu hiyo kwa wote. Walikuta tofauti kubwa kati ya mtu na mtu. Kwa maoni yangu tafiti hizo hazipingani sana. Kichwa hakina uchawi wowote. Mwendo ndio wenye siri, na si kila anayebeba kichwani anao mwendo huo.

Mwendo huo unaweza kutafutwa. Anza na sinia jepesi au kapu la kilo tano juu ya kata iliyosokotwa vizuri, na utembee mahali tambarare. Magoti yasikazwe hadi mwisho wake, hatua ziwe fupi kuliko kawaida, na macho yatazame mbele, mbali, kwa sababu anayetazama vidole vyake huinamisha shingo, na shingo iliyoinama hubeba kwa misuli kile ambacho mifupa iliyopangana wima ingelibeba bure. Sikiliza nyayo zako. Zikipiga kishindo, kila hatua inaanza upya na ile nguvu ya mshuko imepotea ardhini. Zikitua kwa ukimya, uko njiani. Ongeza uzito pale tu ukimya huo unapodumu tangu mwanzo wa safari hadi mwisho.

Katika vichochoro vya Lamu kuna jambo jingine, dogo lakini lenye faida. Kusimama ghafla na mzigo na kuanza tena hugharimu kuliko kuendelea, na pembe za mji huu hazionyeshi kinachokuja. Mchukuzi mwenye busara hupaza sauti ya «simile!» kabla ya kufika pembeni, ili punda na watu wampishe naye asikatize mwendo wake. Mzigo wa mikononi nao ugawanywe: jerikeni mbili za lita kumi, moja kila upande, humwacha mtu amesimama wima, ilhali moja ya lita 20 humpinda ubavu na kumlazimisha aukaze upande wa pili safari nzima. Mwenye punda analijua hilo, naye hajazi shogi upande mmoja.

Upondo

Kama ningeambiwa nichague kazi moja ya kumfundishia mtu nguvu isiyo na mabavu, ningechagua kusukuma dau kwa upondo, ule mti mrefu unaochomekwa chini, katika maji madogo ya kando ya mikoko, kwa sababu kazi hiyo humuadhibu papo hapo anayetumia nguvu mahali pasipostahili.

Simama nyuma ya dau, miguu ikiwa imepanuka, magoti yamelegea ili chombo kicheze chini yako bila kukuyumbisha. Uache upondo uanguke wima karibu na ubavu wa dau, upite viganjani kwa uzito wake wenyewe mpaka uguse chini. Usisukume bado. Hisi kwanza umegusa nini: mchanga hujibu kwa ugumu, tope hunyamaza na kuumeza upondo. Penye mchanga, egemea upondo kwa uzito wa mwili mzima, mikono ikipanda juu yake kwa zamu, hata dau likaanza kuondoka chini yako. Msukumo wa kwanza uwe mdogo, kwa kuwa chombo kilichosimama hakiamki upesi, na kukilazimisha huishia kwa upondo kupinda na wewe kuyumba. Kikishaanza kwenda, ongeza. Karibu na mwisho wa msukumo, acha kabla hujajinyoosha kupita kiasi, uuvute upondo, na uuache uelee nyuma kwa muda ukitumika kama usukani huku dau likiteleza. Utelezi huo ni sehemu ya kazi. Mwanafunzi huuona kuwa uvivu, akachomeka upondo tena haraka, na kwa kufanya hivyo akauvunja mwendo alioulipia.

Penye tope mambo hubadilika. Egemea kidogo tu, na kabla ya kuvuta uzungushe upondo nusu mzunguko ili maji yaingie ubavuni mwake na tope liachie. Ukikwama kabisa, uachie. Hili ni gumu kulikubali, kwa sababu mkono hutaka kushikilia chake, lakini dau linaendelea kwenda na upondo umebaki, na anayeng'ang'ania huishia kuning'inia kati ya viwili hivyo hadi atumbukie, jambo ambalo watoto wa pwani huliona kuwa burudani isiyo na kifani. Weka kasia ndani ya dau kwa ajili ya kurudi kuufuata upondo wako.

Msumeno na patasi

Anayekata mbao hujijua kwa sauti. Msumeno unaosukumwa kwa kukandamizwa hulia kwa kukwaruza, hukwama, na ubapa wake hupinda nje ya mstari. Tumia urefu wote wa msumeno, taratibu, ukiacha uzito wake uyapeleke meno ndani ya mti. Mkono wako una kazi ya kuupeleka na kuurudisha tu, na kidole cha shahada kikinyooshwa kando ya mpini huulinda usiende upande.

Kwa patasi, shika nyundo karibu na mwisho wa mpini, uinyanyue kwa kifundo cha mkono na uiache ianguke, na uondoe mti kidogokidogo, kwani bandu bandu huisha gogo. Mbao ngumu kama mbambakofi au mvule hazikubali kushurutishwa. Tazama kinachotoka: ukipata vipande vinavyojikunja vyenye uso laini, unakwenda na nyuzi za mti, ukiona nyuzi zinang'oka na kuacha mashimo, geuza upande unaochongea badala ya kuongeza pigo. Wachongaji wa Lamu huwa na patasi nyingi za mapana mbalimbali, na kijana anayeanza hudhani kwamba ni kwa ajili ya urembo wa aina nyingi, kumbe sehemu ya sababu ni kwamba patasi nyembamba hupita kwa wepesi mahali ambapo pana ingelazimishwa.

Kutua

Watu wengi huumia wakati wa kushusha, baada ya kazi kuonekana imekwisha, kwa sababu mwili huachia ghafla huku mzigo bado uko hewani. Shusha kwa njia ileile uliyoinulia, nyonga na magoti kwanza, mzigo ukibaki karibu, na usiondoe mikono hadi uhisi ardhi imeupokea. Maumivu yanayoshuka kutoka kiunoni hadi mguuni, ganzi ya vidole, au uvimbe unaotokeza kinenani mtu anapokohoa, hayatibiwi kwa mbinu yoyote iliyomo humu. Mwenye dalili hizo aache kubeba na amwone daktari. Na ikiwa mizigo hiyo itachukuliwa tena na mwingine kesho, ipange juu ya mbao zilizoinuliwa hadi usawa wa kiuno, ili atakayekuja asianze kazi yake kwa kuinama.